Gesi ya Dandora ipimwe ardhi ikiwa na joto

Mhariri,

Jaa la taka la Dandora, hapa Nairobi, hutoa methani, gesi isiyo na rangi wala harufu. Kamera ya infraredi, inayonasa mionzi ya joto isiyoonekana kwa macho, ikifungwa chini ya ndege huiona, kwa kuwa methani hufyonza mionzi hiyo kwenye mawimbi yenye urefu wa karibu mikromita 7.7. Lakini kuna sharti ambalo ni rahisi kulisahau: gesi na ardhi iliyo chini yake lazima zitofautiane joto. Zikilingana, wingu hupotea kwenye picha hata liwe zito vipi. Ndiyo maana tunasihi ndege irushwe kati ya saa tano na saa nane mchana, jua likiwa limeichoma ardhi, wala si alfajiri.

Mabati nayo hudanganya. Huakisi anga baridi, na programu ya kuchambua picha huweza kuyasoma kama gesi. Picha za mapaa ya Korogocho, mtaa jirani na jaa, zikaguliwe moja moja.

Mvuke wa maji hufyonza mawimbi hayohayo, basi ndege iruke chini, nje ya msimu wa masika. Na upepo upimwe palepale jaani wakati wa kuruka. Bila kasi yake, picha itaonyesha gesi inatokea wapi, si kilo ngapi kwa saa.

Wasomaji wenu,
Nairobi