Barua kwa mwanangu: panga jepesi la kwenda nalo kambini

Lushoto

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Ujumbe wako nimeupata pamoja na picha ya kisu ulichokiona dukani huko Dar es Salaam, na tumefurahi kusikia kwamba wewe na wenzako wa chuo mtakuja kupiga kambi huku milimani wakati wa likizo. Umeniuliza kama kisu hicho kitafaa, kwa kuwa unataka kimoja kikubwa cha kufanyia kazi zote za kambi lakini hutaki kikulemee njiani. Ushauri wangu ni kwamba usikinunue. Ninakueleza sababu kwa kirefu kidogo, kwani miaka yangu ya kazi katika mashamba ya miti nimeyaona mapanga yakinunuliwa kwa sura na kuachwa stoo kwa sababu ya uzito.

Tuanze na hesabu, kwa kuwa wewe ni mtu wa hesabu. Chuma cha pua kina uzito wa takriban gramu 7.85 kwa kila sentimita moja ya ujazo. Kisu chako cha kwenye picha, kwa vipimo ulivyoninukulia, kina bapa lenye urefu wa sentimita 25, upana wa sentimita 4 na unene wa milimita 6, kwa hiyo bapa peke yake, kabla ya kutolewa makali, linakaribia gramu 471. Sasa chukua panga fupi la kawaida la inchi 14, yaani sentimita 35 na ushei, lenye upana wa sentimita 5 na unene wa milimita 2 tu: bapa lake ni kama gramu 275. Panga limekizidi kisu kwa sentimita 10 za urefu, na bado ni jepesi kwa karibu gramu 200. Watu wengi wanaotafuta wepesi hukifupisha kisu, ilhali uzito wenyewe umejificha kwenye unene.

Utauliza kama kitu chembamba hivyo kinaweza kukata. Kumbuka fizikia uliyosoma sekondari: uzito wa chombo ukiongezeka maradufu, nishati ya pigo huongezeka maradufu, lakini mwendo ukiongezeka maradufu, nishati huongezeka mara nne. Panga jepesi na refu huenda kasi, hasa upande wa ncha, na kwa kuwa ni jembamba huzama ndani ya tawi bila kulazimika kuusukuma mti pembeni. Ndiyo maana wafanyakazi wa mashambani, ambao hufyeka tangu asubuhi hadi jua linapokuwa kali, hawabebi mabapa ya milimita 6. Hata hivyo sitaki nikudanganye: panga la namna hii halipasui gogo nene la mwati mkavu, bali litanasa humo na utahangaika kulichomoa. Kazi ya gogo ni ya shoka, na mkitaka kupasua magogo ni heri mmoja wenu abebe shoka dogo kuliko nyote kubeba visu vinene vinavyojifanya mashoka.

Kisu chako kina kasoro nyingine mbili ambazo ni kubwa kuliko uzito wake. Mpini wake ni mtupu ndani, eti uweke viberiti na ndoana, na hiyo ina maana kwamba chuma cha bapa kinaishia mwanzoni mwa mpini badala ya kupita hadi mwisho. Ukikipiga kwa nguvu kwenye kuni, hapo ndipo kitakapokatika. Tena mgongoni kina meno ya msumeno. Meno hayo ni mafupi mno kukata ubao, na yanakunyima mgongo laini, ambao kambini una kazi kubwa: ukitaka kupasua kijiti unene wa kifundo cha mkono, unaweka makali juu ya kijiti, kisha unaugonga mgongo wa panga kwa kipande cha mti mpaka upenyo ufike chini. Mgongo wenye meno utakitafuna kile kipande cha mti vipandevipande.

Mjomba wako alipoisikia habari hii alisema ununue sime, kwa kuwa ni nyepesi, ni ndefu, na Wamaasai huenda nayo porini maisha yao yote. Simpingi kuhusu ubora wake. Sime nzuri, iliyofuliwa kutokana na tupa kuukuu au springi ya gari, imepanuliwa karibu na ncha ili pigo liwe na uzito mahali panapotakiwa, na pengine hakuna umbo jingine katika nchi hii lililofikiriwa vizuri zaidi kwa kazi yake. Lakini ina makali pande zote mbili. Huwezi kuigonga mgongoni, wala huwezi kuweka kidole gumba juu yake unapochonga kigingi cha hema, na mkononi mwa mtu ambaye hajakua nayo inaweza kumrudia. Iache kwa wenyewe.

Basi nenda duka la vifaa vya ujenzi na kilimo, si duka la vitu vya matembezi, uombe panga la inchi 14, na likikosekana la inchi 16. Litazame kwa makini kabla ya kulipa. Liinue usawa wa jicho na uangalie mgongo wake kama umenyooka. Likunje kidogo ukiwa umelishikilia ncha chini juu ya ubao, kisha uliachie. Linapaswa kurudi lilivyokuwa, na likibaki limepinda ujue halikupikwa vizuri kiwandani. Hakikisha chuma kinaonekana pande zote za mpini hadi mwisho, na kimefungwa kwa ribiti zisizocheza. Mpini wa plastiki hauli maji wala haupasuki, ila huteleza mkono ukilowa. Wa mbao unaweza kuupiga msasa mpaka ukaenea kiganja chako, na kwa mkono mdogo kama wako mimi ningechukua huo. Usihofu ukikuta panga jipya ni butu, kwa kuwa mengi huuzwa yakiwa hayajanolewa ipasavyo.

Ikiwa yote waliyo nayo ni marefu, la inchi 20 au 22, fundi wa kuchomelea anaweza kulikata, mradi alimwagie maji kila mara. Chuma kikigeuka rangi ya buluu karibu na makali, kimepata moto kupita kiasi na ugumu wake umepungua, na hapo utakuwa unanoa kila baada ya nusu saa. Mwambie aanzie ncha na asiguse upande wa makali. Ni afadhali kutafuta maduka mawili matatu zaidi.

Makali uyatoe kwa tupa bapa, ukisukuma kuelekea mbele tu, kwa mwinamo wa takriban nyuzi 20 kila upande. Karibu na mpini unaweza kuyafanya membamba zaidi kwa ajili ya kuchonga, na katikati uyaache yawe na mwinamo mkubwa kidogo kwa kuwa ndipo pigo la kuni linapotua. Kambini inatosha kubeba kinoo kidogo. Panga hizi ni za chuma kinachoshika kutu, na ukilikatia ndimu au embe bichi bapa litageuka jeusi; futa, kausha, paka mafuta ya kupikia, na usilaze ndani ya ala iliyolowa. Kwa chakula chukua kisu kidogo cha jikoni, kwani kumenya viazi kwa panga ni maonyesho tu.

Kuhusu kukata, uwe mwangalifu na sheria. Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Magamba iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, na kukata mti mbichi humo bila kibali ni kosa kwa mujibu wa Sheria ya Misitu ya mwaka 2002. Ulizeni ofisini kwao hapa Lushoto kuhusu moto na mahali pa kulala, kisha mnunue kuni kwa wanakijiji. Panga lako litakuwa la kuzipasua ziwe nyembamba za kuwashia, kuchonga vigingi na kusafisha uwanja wa hema pale mtakaporuhusiwa. Hiyo nayo ni sababu ya kutotafuta kitu kizito. Kwenye basi lilale ndani ya ala, limefungwa gunia, katika begi linalowekwa kwenye buti, maana abiria akikuona unapita na panga mkononi hatakuuliza kama unakwenda kambini.

Wakati wa kutumia, wenzako wakae mbali kuliko urefu wa mkono wako na panga kwa pamoja, na mara mbili ya hapo ndiyo bora. Unapokatia juu ya gogo fupi, piga magoti, ili panga likikosea litue ardhini kabla ya kuufikia mguu. Kamba ya mpini usiivingirishe kwenye kifundo cha mkono, kwa sababu panga likiponyoka litarudi kwako.

Baba yako amepata kipande cha turubai zito cha kukushonea ala, kwa kuwa ya ngozi ni nzito na hunywa maji ya ukungu wa huku. Ukishanunua, mpigie simu umpe urefu wa bapa, upana wake palipo papana zaidi, na unene wa mgongo kwa milimita, kabla ya Jumamosi, ili awahi cherehani ya fundi viatu wa sokoni.

Ni mimi,
Mama yako