Mchango juu ya macho ya bazee betu, Katuba

Bandugu ba parokia, na beye mulioko Kolwezi, Likasi, Kinshasa na inje ya inchi, jambo sana. Tunatafuta dola 1,800 tununue vyombo viwili vya kupima macho ku kituo chetu cha afya hapa Katuba, Lubumbashi, pamoja na matone ya kuanzia kutunza bagonjwa ba glokome, ile maladi inayoua pole pole neva ya jicho. Mpaka leo tuko na dola 640, aksanti sana kwa bamama ba kwaya banaochanga kila siku ya Yenga.

Kuko bandugu baliouliza, tonometa ya kupima tansio ya jicho si inatosha, ile ya pili ya kazi gani? Swali muzuri na tunataka kujibu muzuri, juu hatutaki mutu atoe franga yake bila kuelewa.

Tuanzie ku damu, juu neva ya jicho inaweza kufa kwa kukosa damu, hata kama tansio ya jicho iko muzuri. Ndani ya kila mushipa ya damu kuko ngozi nyembamba sana, na ile ngozi njo inatengeneza hewa moja inaitwa oksidi nitriki, inaitoa ku arginini ya chakula tunakulaka, karanga, maharagi, samaki. Inaishi sekunde chache tu, lakini ndani ya zile sekunde inaingia ku misuli inayozunguka mushipa, misuli inalegea, mushipa unapanuka, damu inapita, ni sawa mutu anafungua robine. Bataalamu batatu, Furchgott, Ignarro na Murad, balipata Nobeli ya 1998 juu ya kuvumbua ile kazi yake. Ndani ya jicho iko na kazi mingi kabisa, juu jicho linakula damu sana: mwangaza ukicheza-cheza mbele yako, retina, ile tabaka ya ndani ya jicho inayopokea mwangaza, inatumika zaidi, na ile hewa inasaidia kuongeza damu palepale. Na koroidi, ile tabaka ya nyuma ya retina, inapokea peke yake zaidi ya 80 ku 100 ya damu yote ya jicho.

Sasa maladi ya sukari, tansio ya damu, sigara, vyote vinaharibu ile ngozi. Oksidi nitriki inapunguka, endotelini inayokaza mishipa inashinda, na mushipa wa neva unaobeba picha kwenda ku bongo unaanza kukosa damu. Tena ile hewa inasaidia maji ya ndani ya jicho (si machozi) kutoka, ikikosa, tansio ya jicho inaweza kupanda. Ile njo glokome, na haiumi hata kidogo. Macho inaanza kupotea pembeni, mutu anasema ni uzee, na kile kilichopotea hakirudi tena.

Njo maana ya chombo cha pili. Tansio ya jicho ya kawaida ni kati ya 10 na 21 (milimita za zebaki), lakini kuko bantu beko na 15, na neva yao inakufa vilevile, na mishipa isiyopitisha damu muzuri inaweza kuwa na mukono mo. Tonometa peke itabaambia «uko muzuri, rudia nyumbani». Oftalmoskopi inaangalia neva yenyewe ku nyuma ya jicho, na sisi baafrika tunapata glokome mingi na mapema, kwa hiyo kupima nusu hapana.

Kuko dawa ya matone inayotoa oksidi nitriki ndani ya jicho, Marekani baliikubali 2017. Hatuombe ile, tunaomba timololi ya kawaida, inasaidia. Na bamama, lengalenga iko na nitrati ambayo mwili unageuza kuwa ile hewa, mupikie bazee, ila isichukue fasi ya matone, tunabaomba sana.

Munganga wa macho amekubali kufundisha bauguzi betu bure. Mwenye dola 20 alete, mwenye franga 2,000 alete, yote inaandikwa ku daftari na itasomwa kisha misa. Sanduku iko kwa mama mutunza feza, namba ya M-Pesa iko ku kibao ya mulango wa kanisa. Kama uko na muzee ku nyumba mwenye miaka zaidi ya 40 ao mwenye sukari, andikisha jina lake sasa, bila kungoja vyombo vifike.