Barua ya wazi kwa Mkemia Mkuu wa Serikali: sampuli za ziwani zinaharibikia njiani

Ndugu Mkemia Mkuu,

YAH: UCHUKUAJI NA USAFIRISHAJI WA SAMPULI ZA SUMU NA DAWA ZA KULEVYA, KANDA YA ZIWA

Pokea salamu kutoka Mwanza. Nimefanya kazi ya maabara katika hospitali za kanda hii, bara na visiwani, mpaka nikastaafu. Ninakuandikia hadharani kwa sababu jambo hili linawagusa askari, waganga, mahakimu na wananchi wa kawaida, si ofisi yako peke yake. Sina neno baya juu ya wachunguzi wako. Ninalokuomba liko nyuma yao, katika zile saa na siku zinazopita tangu sampuli ichukuliwe mpaka lakiri ifunguliwe mezani kwao. Huko ndiko ukweli unakopotelea, na ukishapotea hakuna mashine ya kuurudisha, hata iwe ya bei gani.

Chukua unga, yaani heroini. Haikai mwilini. Ndani ya dakika chache damu imekwisha kuigeuza kuwa 6-monoasetilimofini, na hiyo nayo hugeuka kuwa mofini. Ile ya kati ndiyo alama ya heroini, nayo kwenye mkojo huonekana kwa saa kadhaa tu, mara nyingi haifiki siku nzima. Mofini hubaki siku mbili tatu. Sasa mtu aliyekunywa dawa ya kikohozi yenye kodeini, mwili wake pia hutengeneza mofini kiasi, na kile kipimo cha haraka cha kuchovya kwenye mkojo hakiwezi kuwatofautisha hao wawili. Kijana akikamatwa mwaloni Ijumaa usiku, mkojo ukachukuliwa Jumatatu asubuhi kwa sababu hapakuwa na chupa wala mtu wa kuipeleka, mchunguzi wako atakuta mofini peke yake. Itambidi atafute dalili nyingine zisizo na uzito ule. Mwenye hatia anaweza kuponea hapo, na mgonjwa wa kikohozi anaweza kuteseka hapo hapo. Mimi la pili ndilo linaloninyima usingizi.

Damu ina mambo yake. Kila mtu wa maabara anaijua chupa ya kizibo cha kijivu, ile yenye sodiamu floridi na potasiamu oksaleti, kwa sababu ndiyo tunayopimia sukari. Lakini wangapi katika vituo vyetu wanajua kwamba hiyo hiyo ndiyo inayotakiwa kwa kupima pombe na kokeini? Damu ikiwekwa kwenye chupa ya kizibo chekundu, isiyo na kemikali hizo za kuihifadhi, ikakaa kwenye joto la Mwanza siku mbili, vijidudu vilivyoingia humo vinaweza kuchachusha sukari na kutengeneza pombe ambayo mwenye damu hakuinywa kamwe. Kokeini nayo inaendelea kuvunjika humo ndani ya chupa, kwa kuwa vimeng'enya vya damu, yaani protini zinazovunja kemikali, havikomi kufanya kazi eti kwa sababu damu imetoka mwilini. Kwa hiyo chupa moja isiyo sahihi inaweza kumzulia dereva ulevi na kumfutia mwingine ushahidi. Na yule anayechoma sindano akisafisha ngozi kwa spiriti, kama tulivyozoea sote, damu ya kupimia pombe imekwisha tiliwa shaka kabla haijaingia kwenye chupa.

Kwa maiti hali ni ngumu zaidi. Ukanda wetu ni wa pamba na dhahabu, kwa hiyo viuatilifu viko majumbani, na zebaki na sayanidi ziko machimboni. Mtu akifa ghafla, familia inataka kujua. Katika hospitali moja niliyowahi kufanyia kazi nilikuta vipande vya ini na tumbo la marehemu vimezamishwa kwenye fomalini, yale maji ya kemikali ya kuzuia nyama isioze, vikisubiri safari ya maabara ya sumu. Aliyefanya hivyo alikuwa mwaminifu na mwangalifu. Alifundishwa kwamba nyama ya kuchunguzwa huwekwa kwenye fomalini, na ni kweli kwa daktari anayetafuta saratani kwa hadubini. Kwa anayetafuta sumu, fomalini hugeuza kemikali nyingi au kuziharibu kabisa. Vipande hivyo hutakiwa bila maji yoyote ya kuvihifadhi, kila kimoja kwenye chombo chake, kwenye ubaridi. Vilevile damu ya kutoka moyoni haitoshi peke yake, kwa sababu baada ya kifo dawa huvuja kutoka kwenye viungo na kuingia humo, kiwango kikaonekana kikubwa kuliko kilichokuwapo mtu akiwa hai. Inatakiwa damu ya mshipa wa paja. Haya si maarifa ya kuhitaji shahada ya pili. Yanaenea kwenye ukurasa mmoja wa Kiswahili ukabandikwa ukutani kwenye chumba cha maiti.

Vielelezo vinavyokamatwa vina afueni kidogo, kwa kuwa angalau ni vitu vya kushikika, ila navyo havingoji. Mirungi inayopitishwa mpakani Sirari ikitoka Kenya hufungwa kwenye majani ya mgomba na kukimbizwa usiku kwa sababu wauzaji wanajua tunachopaswa kujua sisi: jani likinyauka, kathinoni, ile kemikali yake ya kulevya, inapungua na kugeuka kathini, ambayo ni dhaifu zaidi. Bangi mbichi ikifungiwa kwenye nailoni inaota ukungu. Ikikauka, uzito unashuka, na uzito ndio unaoamua shitaka lisomwe vipi na kama mshitakiwa atapata dhamana. Kilo zilizoandikwa siku ya kukamata zisipolingana na zilizoandikwa maabara, na hakuna aliyeandika kwamba mzigo ulikuwa mbichi, wakili wa utetezi atauliza zilizopungua ziko wapi. Ana haki ya kuuliza. Mahakama ya Rufani, katika rufaa ya jinai namba 110 ya mwaka 2007, ilieleza kwamba lazima kuwe na maandishi ya mfululizo yanayoonyesha kielelezo kilivyokamatwa, nani alikitunza, kilihama vipi, kikachunguzwa vipi na mwisho wake.

Mkoa huu hauhitaji kuelezwa maana ya sampuli nzuri. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulifunga soko lake kwa samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya samaki waliovuliwa kwa sumu, na viwanda na wavuvi wetu wakaonja uchungu wake. Leo Nyegezi tuna maabara ya taifa ya ubora wa samaki, na sangara husubiriwa na barafu tangu mwaloni. Tulifanya hivyo kwa ajili ya soko. Ninaomba tufanye hivyo hivyo kwa ajili ya binadamu wa mialo hiyo hiyo, maana damu yake nayo inahitaji barafu.

Usafiri si kisingizio tena kama zamani. Tangu Juni 2025, lilipofunguliwa Daraja la J. P. Magufuli la Kigongo–Busisi, sampuli ya Sengerema au Geita haina haja ya kusubiri kivuko. Kilichobaki kigumu ni visiwa: Ukerewe, Ukara, Kome na vingine, ambako chombo kikikosekana au ziwa likichafuka siku imepotea. Lakini hata huko makohozi ya kifua kikuu na damu za kupima wingi wa virusi vya UKIMWI husafirishwa kwa ratiba mpaka maabara kubwa. Njia ipo. Sampuli ya jinai inahitaji zaidi ya hapo mfuko wenye lakiri ya namba na sahihi ya kila aliyeipokea, pamoja na askari anayejua kwamba hatakiwi kuuacha chini ya kiti cha basi.

Kwa hiyo ombi langu, Ndugu Mkemia Mkuu, ni kisanduku. Kila hospitali ya wilaya na kila kituo kikubwa cha afya cha visiwani kiwe nacho, na kituo cha polisi cha jirani kijue kilipo: chupa mbili za kijivu, chupa ya mkojo, vyombo vitupu vya viungo, pamba isiyo na spiriti, mifuko ya karatasi kwa majani, lakiri zenye namba, fomu, na ule ukurasa wa maelekezo kwa Kiswahili kinachoeleweka. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na kesi moja inayoanguka, au na mtu mmoja anayekaa gereza la Butimba akisubiri jibu.

Ombi la pili linahusu ripoti yenyewe. Iandike sampuli ilichukuliwa saa ngapi, ilipokelewa lini, na ilifika katika hali gani: baridi au moto, imevuja au nzima, kwenye chupa gani. Na pale dawa isipoonekana, iandike kiwango cha chini ambacho kipimo kina uwezo wa kukiona. Hakimu akisoma kwamba dawa haikuonekana kwenye damu iliyokaa siku nne bila jokofu, anapaswa kujua hizo siku nne. Bila hivyo atadhani mtu huyo hakuwahi kuwa na dawa mwilini, na wakati mwingine atakuwa amekosea bila kosa lake.

Ofisi yako ya Kanda ya Ziwa iko hapa hapa Mwanza, kwa hiyo jaribio linaweza kuanzia karibu. Ninapendekeza Ukerewe iwe ya kwanza, kwa sababu utaratibu ukiweza kuvuka maji kutoka Nansio na kufika ukiwa mzima, Magu na Misungwi hazitausumbua. Niko tayari kuwafundisha wahudumu na askari wa huko bila malipo, na wenzangu kadhaa wastaafu wa fani hii tumekwisha zungumza nao, wamekubali.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mtaalamu wa maabara mstaafu,
Mwanza