Refa wa kwenye gemu haoni sebuleni

Moshi, Jumatano usiku

Mwanangu mpendwa,

Shikamoo yako ya juzi niliipokea, marahaba. Mama yako hajambo, dada yako hajambo, na bibi yako wa Kibosho mguu umeanza kupata nafuu, jana alishuka mwenyewe hadi barabarani. Mvua huku haijakata.

Haya ninayokuandikia nilipaswa kukuambia Jumapili ile ile, ukiwa bado hapa sebuleni. Sikuweza, kwa sababu wajomba zako walikuwepo na sikutaka kukuvunjia heshima mbele yao. Zimepita siku kumi. Kila nikichukua simu nikupigie, maneno yananikwama, ndiyo maana nimeona bora niandike.

Ulikuwa umekaa kwenye kile kiti cha dirishani, simu umeilaza, umeishika kwa mikono miwili. Mimi nilikuwa nyuma yako na ile stuli ya jikoni, naipaka gundi mguuni. Nilikuwa naangalia mpira wako wa kwenye simu bila wewe kujua. Ulikuwa umefungwa 2-1, dakika ya 86, na yule kijana wa Himo uliyekuwa unacheza naye alikuwa anashambulia kulia. Nikaona kidole gumba chako kinaacha kitufe. Kikavuta pazia la juu la skrini, kikagusa kile kialama cha ndege cha kukata mtandao, kikawaka. Mchezaji wake aliganda pale pale, mguu juu, krosi haijapigwa. Hukuwa unaitazama simu tena, ulikuwa unatazama mlango. Kisha ukakizima kile kialama na kuandika kwenye grupu la ligi yenu kwamba mtandao umekukata.

Haikupita muda yule kijana akatuma sauti, nawe ukaifungulia kwa spika tukaisikia wote: “Usijali kaka, mtandao ni wa wote. Ngoja nikaongeze bando turudie.”

Mkarudia mkianza 0-0, kama kanuni za ligi yenu zinavyosema kwa mechi iliyokatika bila kosa la mtu. Ukashinda 3-1. Mjomba wako akakupa mkono. Na mimi nikasema “hongera”. Neno hilo nililitoa nikijua nilichokiona, na ndilo linaloninyima usingizi, maana kwa kulisema niliingia na mimi kwenye ule uongo.

Mwanangu, usidhani nalichukulia gemu kama upuuzi wa watoto, la hasha. Baada ya wewe kurudi Arusha nilimwomba dada yako anifundishe. Akanieleza kwamba hilo mnalocheza ni la kampuni ya Konami, zamani likiitwa PES, tangu 2021 limekuwa eFootball na mtu analipakua bure kwenye simu yake. Akanieleza na lile la upande wa pili, lililoanza 1993 kwa jina la FIFA na ambalo tangu 2023 linaitwa EA Sports FC. Nilikaa naye jioni tatu. Nimeona jinsi pasi inavyopigwa kwa nguvu au kwa ulaini kutegemea kidole, na jinsi beki asiyetulia anavyoachwa. Ni mpira ule ule, una akili na una subira. Ndiyo maana nakuandikia kama mtu wa mpira anavyomwandikia mtu wa mpira.

Unajua nilishika kibendera kwenye ndondo za mitaani hapa Moshi kwa miaka mingi kabla goti halijanikataa. Kibendera changu chekundu mama yako alikishona kwa kitambaa kilichobaki kwenye pazia. Kazi ile watu huidharau, lakini ni ngumu. Ili ujue mtu ameotea, lazima umwone anayepiga pasi na umwone beki wa mwisho kwa wakati mmoja, na baina yao pana mita 40 na vumbi. Macho yako mawili, sehemu mbili, nukta moja ya sekunde. Nimewahi kukosea, nikatukanwa hadi nafika nyumbani. Na wakati nakazia macho ule mstari, nyuma yangu watu wanavutana jezi, wanapigana viwiko, na nikigeuka kila mmoja mpole kama padri.

Siku hizi wenzetu wameongezewa macho. VAR, yaani refa anayesaidiwa na video, ilitumika Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza Urusi 2018. Qatar 2022 zikaja kamera zinazofuata viungo vya mchezaji na kihisi ndani ya mpira, kuotea kukawa kunapimwa na kompyuta kabla binadamu hajathibitisha. Lakini niliposhika simu ya dada yako ndipo nilipoelewa kwamba kwenu mambo yameenda mbali zaidi. Kompyuta ndiyo inayowachora wachezaji wote 22, hivyo inajua kila kiatu kilipo. Hakuna bao la mkono litakalompita refa wenu, wala mshika kibendera aliyeingiwa na vumbi, na hongo hakuna wa kuipokea.

Nilifurahi sana kulijua hilo, halafu nikakukumbuka wewe na kile kidole. Uwanjani kwenu refa anaona kila kitu, lakini sebuleni haoni chochote. Haoni kialama cha ndege. Haoni kwamba simu imeshikwa na rafiki anayejua zaidi, wala kwamba ile skrinishoti ya matokeo imechezewa kabla ya kutumwa kwa admini. Wizi wote tuliokuwa tunaufanya ndani ya kiwanja umefukuzwa huko, ukahamia kwenye kiti anachokalia mchezaji. Kwa hiyo ligi yenu, pamoja na mashine zote hizo, inasimama juu ya kitu kimoja tu, nacho ni neno la mtu anapoandika kwenye grupu “mtandao umenikata”. Ndondo ya vumbi ilikuwa na mimi na kibendera changu. Ninyi hamna mtu pembeni. Kila mmoja wenu ndiye mshika kibendera wa mechi yake.

Ulipokuwa mdogo mlikuwa mnacheza kwenye kibanda cha PlayStation kule Majengo, unakumbuka? Benchi moja, pedi mbili, aliyefungwa anapisha. Nilikuwa nakuja kukufuata giza likiingia. Pale hakuna aliyethubutu kuchomoa waya, maana bega la mwenzako limekugusa, jasho lake unalisikia, na nyuma yenu wamesimama watoto kumi wanaosubiri zamu. Ukifungwa, umefungwa, unanyanyuka. Yule wa Himo hakuwa amekugusa bega. Ulimwona kama jina na kipicha. Lakini alikuwa ni mtu, na pengine alikuwa amekaa kwenye kiti kama chako, anakiangalia kile kimguu kilichoganda hewani, anasubiri.

Nikusimulie jambo dogo. Jumamosi moja tulichezesha timu ya wapiga debe wa stendi na vijana wa Pasua. Mpira ukatoka upande wangu, miguu imejaa, sikuona nani kaugusa mwisho. Nikainua kibendera kuwapa wapiga debe warushe. Beki wao, mtu mkubwa, sauti kama honi ya basi, akanifuata akaniambia taratibu, “Mzee, mpira umenigusa mimi. Ni wao.” Mpira wa kurusha tu, tena katikati ya kiwanja, hauna faida wala hasara. Sikumbuki hata nani alishinda siku ile. Ila kuanzia pale, kila mechi niliyomkuta, akiinua mkono kusema mpira umetoka, sikuhangaika kutazama mara mbili. Siku moja kwenye mechi kubwa alisema beki mwenzake hakushika mpira, uwanja mzima ulikuwa unadai penalti, nami nikamwambia refa kwamba huyu namwamini. Mpira wa kurusha ulikuwa umenunua penalti.

Sasa fikiria siku mtandao utakapokukata kweli. Utakukata tu, hasa msimu huu wa mvua. Umeme utazimika dakika ya 80 wewe ukiwa unaongoza, na utaandika maneno yale yale uliyoyaandika Jumapili. Yatakuwa kweli, lakini yatakuwa yameshatumika.

Na hayakuhusu wewe peke yako. Uliniambia mwenyewe kwamba kwenye grupu wapo wanaotaka kanuni ibadilike, aliyekatika ahesabiwe kafungwa 3-0 bila maelezo. Ikipita kanuni hiyo, atakayeumia siyo muongo. Muongo ataacha tu kukata. Ataumia yule mwenzenu wa Rombo uliyenisimulia, anayepanda juu ya mwamba nyuma ya nyumba yao ili apate mnara. Kila anayedanganya kuhusu mtandao anamsogezea kijana yule mlango ufungwe.

Najua utanijibu nini. Tulishabishana kuhusu wewe kuzungusha mpira nyuma ukishaongoza, ukaniambia, “Baba, sheria haijakataza.” Sasa tuyatenganishe mambo haya mawili, maana umeyachanganya. Unakumbuka 2018, ulikuwa darasa la sita, tulipokwenda kwa jirani kuangalia Senegal na Colombia? Senegal walifungwa 1-0. Saa ile ile Japani, waliokuwa kundi moja nao, walikuwa wanafungwa 1-0 na Poland. Japani na Senegal wakabaki sawa kila kitu: pointi 4 kila mmoja, mabao 4 kwa 4, na wao kwa wao walitoka 2-2. Ikabidi zihesabiwe kadi za njano. Japani 4, Senegal 6. Senegal wakawa timu ya kwanza kutolewa Kombe la Dunia kwa kipimo cha nidhamu. Na dakika zile za mwisho, Japani walikuwa wanapigiana pasi nyuma taratibu ili wasipate kadi nyingine. Ulilia njia nzima. Ulisema wameiba.

Nilikuambia usiku ule, na leo nasema tena, kwamba hawakuiba. Sikuupenda mpira ule hata kidogo, watu walizomea uwanjani nami nilizomea mbele ya runinga. Lakini mpira ulikuwa pale kwenye nyasi. Poland wangetaka kuufuata wangeufuata. Ukizungusha pasi nyuma, mwenzako ana wachezaji 11 wa kukukimbiza, na akiunyang'anya anakufunga. Nitanuna, sitakulaumu. Kukata mtandao ni kitu kingine kabisa. Unamtoa mwenzako uwanjani, unafunga geti, halafu unamwambia geti limejifunga. Hana mpira wa kuufuata.

Utani siukatazi. Sisi wa Simba na Yanga tumelelewa kwenye utani, na anayeshinda ana haki ya kuongea kidogo. Ila zile sauti za kumtaja mama wa mtu nilizisikia kwenye grupu lenu, na ingawa hazikuwa zako, ulicheka.

Mwaka 2012 yule mshambuliaji Mjerumani, Miroslav Klose, akiwa Lazio ya Italia, aliufunga mpira kwa mkono dhidi ya Napoli, mapema tu mechi ilipoanza. Refa akakubali bao. Klose akamfuata akamwambia ameshika, bao likafutwa, wachezaji wa Napoli wakaja kumpa mkono. VAR haikuwepo enzi hizo. Mechi ile Lazio walifungwa 3-0. Nakutajia hayo matokeo makusudi, ili usije ukadhani nakuahidi kwamba ukisema ukweli utashinda ligi. Hutashinda. Zile pointi tatu ndizo zilizokuweka nafasi ya pili, na zikiondoka utashuka. Kila mmoja wenu ametoa 5,000, mko 16, ni 80,000 mezani, nami najua hali ya mfuko wako huko chuoni. Hata hivyo hela ya yule kijana imo humo humo, na juu yake akanunua bando mara mbili siku moja.

Ninachokuomba ni hiki. Mwandikie yeye kwanza, faraghani, umweleze ulichofanya. Usiweke “kama nilikukosea”, usitaje presha ya wageni. Mwambie ulibonyeza, na umrudishie hela ya bando la pili. Kisha andika kwenye grupu na umwombe admini airudishe ile 2-1 kama ilivyokuwa. Kama watakufungia mechi kadhaa, kaa nje. Fanya hayo kabla ya mzunguko wa Jumamosi, kwa sababu ukicheza tena juu ya pointi hizo itakuwa mara ya pili.

Nami nitampigia mjomba wako nimwambie kwamba hongera niliyokupa mbele yake nimeifuta, na kwa nini. Sitafanya hivyo kabla hujaandika. Ni haki yako kuanza.

Mama yako amefunga ndizi na maparachichi, vitaondoka na basi la kesho asubuhi, kamwone yule kondakta pale stendi. Chaja uliyoisahau nimeiviringisha kwenye gazeti, iko chini kabisa ya mfuko.

Ukishamaliza na yule kijana nipigie. Usiniandikie ujumbe, piga, hata kama ni usiku sana. Nitakuwa macho.

Baba yako