Maembe yaliyoanguka yasilale chini

Maskati, Novemba

Mama, shikamoo. Saidi mdogo wangu, asalaam aleikum.

Huku tende zimeshakatwa zote na joto linapungua, nanyi huko Mkuranga dodo ndiyo kwanza zinajaa. Saidi, mwaka huu shamba liko mikononi mwako, basi msomee Mama barua hii polepole naye aongezee.

Usitazame juu ya mwembe tu, tazama na chini yake. Embe lililoanguka ndilo nyumba ya nzi wa matunda. Jike hutoboa ganda na kutaga ndani. Mayai huanguliwa baada ya siku moja au mbili, funza wakala nyama kama wiki hivi, kisha hutoka na kujifukia udongoni, sentimita chache tu, mpaka watoke nzi wapya. Haupiti mwezi. Ndiyo maana maembe ya mwisho wa msimu huoza kuliko ya mwanzo: nzi wake wamezaliwa papo hapo shambani.

Yaokote kila asubuhi. Shimo lisipungue futi 2 kwenda chini, ukifukia ushindilie, kwa sababu kwenye shimo fupi lenye udongo laini nzi hupenya wakatoka. Siku ambayo huna nguvu ya kuchimba, yatie kwenye mfuko mweusi wa plastiki usio na tundu, ufunge mdomo, uache juani wiki nzima. Funza watakufa humo kwa joto, na mabaki yatafaa mbolea. Usiyatupe kwenye jaa la nyuma ya jiko.

Mbuzi wasifunguliwe mwembeni. Wakivamia maembe mabivu kwa pupa, sukari huchacha tumboni, ubavu wa kushoto unavimba, wanaharisha, na wengine hawaamki. Maganda kiganja kimoja baada ya kushiba majani yanatosha. Ng'ombe wa jirani naye akipita, kokwa humkaba kooni.

Kuku, kinyume chake, waache waparue chini ya miembe kutwa. Wanawala funza na hao waliojifukia, kazi ambayo hakuna dawa ya kupuliza inayoifikia.

Wakati wa kuchuma, angalia mabega ya embe: yakijaa na kupita pale kikonyo kilipoingia, limekomaa hata likiwa kijani. Tumia upondo wenye kifuko. Dodo likianguka halionyeshi jeraha siku hiyo, lakini litaoza ndani ya tenga kabla halijafika Dar es Salaam. Likate likiwa na kikonyo cha urefu wa pingili ya kidole, halafu ukikipunguza liinamishe utomvu udondoke chini. Ukitiririka kwenye ganda huliunguza likawa na michirizi myeusi, na wanunuzi wanashusha bei.

Nimetuma fedha za chanjo ya mdondo, ule ugonjwa unaoua kuku; chanjo yenyewe ni ile iitwayo I-2. Ibebe kwenye chombo chenye ubaridi, isipigwe jua. Wachanje kuku alfajiri wakiwa bado bandani: tone 1 kwenye jicho moja, mkubwa na kifaranga sawasawa, na usimwachie kuku mpaka apepese. Rudia kila baada ya miezi 3. Aliyekwisha kuugua haitamponya, na hapo ndipo watu huilaumu chanjo bure. Chupa moja ni nyingi kuliko kuku wetu, na ikifunguliwa haiwekwi, kwa hiyo waambie majirani jana yake walaze kuku wao ndani.