Usiisaini kwanza hiyo fomu ya mama mkwe

Houston, Texas
Jumanne usiku

Shoga yangu mpenzi,

Salaam nyingi. Sisi hatujambo, watoto wamelala ndipo nimepata nafasi ya kutulia. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Nimeona bora niandike, maana ya kwenye simu husahaulika, na haya nataka uwe nayo mkononi ukienda kwa wakala wa bima.

Unasema kampuni ya bima imewaandikia kwamba kuna mtu mwenye leseni anakaa kwenu na hamjamtaja. Mtu mwenyewe ni mama mkwe, ambaye tangu apate leseni hapo Dallas hajaligusa gari. Umeuliza wamejuaje, na inawahusu nini. Leseni ina anwani, shoga, na kampuni hulinganisha anwani za wenye leseni na za wateja wao. Kwetu Tanga ukikata bima, ndogo au kubwa, bima imekaa juu ya gari. Mwenye leseni yake ukimpa ufunguo, anaendesha. Hapa wanapanga bei kwa kuangalia watu waliomo nyumbani. Funguo zimetundikwa jikoni, mama ana leseni kwenye mkoba: kwao iko siku ataendesha. Ndiyo maana wanataka jina la kila aliyefikia umri wa leseni, hata asiye na gari. Leseni ya kujifunzia udereva Texas huanza miaka 15, kwa hiyo na mwanao mkubwa jiandaeni.

Shemeji, mumeo, anataka mjibu kwamba mama hakai hapo. Mwambie nimemwomba asithubutu. Siku ya ajali ndiyo siku wanayofukua kila kitu, na wakikuta mliwaficha mtu wanaweza kukataa kulipa, au kuufuta mkataba, au kuwadai malipo ya miezi yote ya nyuma.

Sasa hiyo fomu waliyoambatanisha, 515A, ya kumwondoa mtu kwenye bima, ndiyo iliyoninyima usingizi. Mimi niliisaini. Mdogo wake mume wangu alikuwa anakaa nasi, ana leseni lakini na makosa mawili ya mwendo kasi. Kumweka kwenye bima kulipandisha malipo yetu karibu mara mbili. Wakala akanipigia jioni, nasonga ugali, akasema kuna njia rahisi: tumwondoe, saini tu hapo kwenye simu. Nikafuta unga kwenye kidole gumba, nikasaini, nikarudi kwenye mwiko. Hata dakika mbili hazikufika.

Miezi mitano baadaye nilikuwa na mimba ya miezi minane, mume wangu yuko zamu ya usiku ghalani, nikaanza kutokwa damu. Huyo mdogo wake mume wangu alichukua ufunguo bila kuuliza, na mimi sikumkataza. Hakuna mtu angekumbuka fomu saa ile. Mvua inanyesha, kwenye makutano akaligonga pikapu ubavuni. Mtoto alisalimika, alhamdulillahi, ndiye huyu anayekoroma hapa pembeni yangu. Lakini kampuni ilijibu kwa aya moja: dereva aliyeondolewa. Sheria ya Texas inataka angalau dola 25,000 za kulipia mali ya mtu utakayoiharibu, na sisi tulikuwa nazo kwenye mkataba. Akishika usukani yeye, ni kama hatuna hata senti. Trafiki akaandika faini ya kuendesha bila bima, ambayo kwa kosa la kwanza huwa dola 175 hadi 350. Pikapu tulilitengeneza kwa fedha zetu, mwaka mzima na zaidi. Gari letu tuliliuza kama chuma chakavu.

Kwa hiyo ukifika kwa wakala, mbane akueleze mambo matatu, maana wao huyataja kwa haraka yakasikika kama kitu kimoja. Kutajwa, kuhesabiwa, kuondolewa. Kutajwa ni jina la mama kuandikwa kwamba yupo nyumbani na haendeshi. Zipo kampuni zinazokubali hivyo bila kuongeza kitu, nyingine hazikubali maadamu ana leseni hai. Kuhesabiwa ni kulipiwa kama dereva, na siku akiendesha amekingwa. Kuondolewa ndiyo hiyo 515A. Anza kwa kuomba atajwe. Wakikataa, uliza akihesabiwa ni dola ngapi kwa mwezi, waandike. Wakikataa na hiyo bei nyinyi hamuiwezi, tafuta bei kwa kampuni nyingine kabla hujarudi kwenye fomu. Na kama wifi yako kule Fort Worth alishamweka mama kwenye bima ya gari lake, peleka karatasi yake, mara nyingine inatosha.

Ipo njia nyingine. Mama anaweza kuirudisha leseni ofisi za DPS, idara ya jimbo inayotoa leseni, akachukua kitambulisho cha jimbo. Mwenye miaka 60 na zaidi hukilipia dola 6. Bado utamtaja, ila kama mtu asiye na leseni, na hapo sababu ya kumlipia inakwisha.

Lakini hili, shoga, lifanye taratibu. Nakumbuka siku aliyofaulu mtihani, ile picha uliyonitumia, ameishika leseni kifuani kwa mikono miwili kama mtoto na cheti chake. Mara ya tatu kujaribu, na Kiingereza cha kujifundishia kwenye televisheni. Kwake ile si karatasi ya gari. Asije akaona mmemnyang'anya kwa ajili ya dola chache za mwezi. Mkae naye, shemeji amweleze mwenyewe mama yake, aulizwe anataka nini. Akisema anaitaka leseni yake, mimi ningemlipia. Na iko siku mwanao atapandwa na homa usiku nawe huna wa kukushika mkono ila yeye.

Barua yao imewapa siku ngapi? Angalia tarehe chini, usiipitishe, maana wasipojibiwa wanaweza kumwongeza wenyewe. Jumapili niko nyumbani kuanzia saa nane mchana. Nipigie ukiwa na ule mkataba mbele yako, tuusome pamoja ukurasa kwa ukurasa.

Msalimie sana mama, mwambie namwamkia shikamoo.

Mwenzio wa Ngamiani