Barua kwa mwanangu: usitie alama kisanduku cha kwanza

Mwanangu Athumani,

Assalamu alaykum. Tangu uliponisomea kwenye simu ile fomu ya TR1, ya kuhamisha umiliki wa nyumba huko Uingereza, sijapata usingizi wa maana. Uliniuliza mbona inawaita “tenanti”, yaani wapangaji, na wewe na mwenzako Swaleh mnanunua nyumba. Nilikujibu mbiombio kwa sababu adhana ilikuwa ishaanza.

Hilo neno “tenanti” Waingereza walilitoa kwenye Kifaransa cha kale, maana yake mwenye kushika. Kwa sheria yao ardhi yote mwisho wake ni ya mfalme, raia huishika tu, hata aliyeinunua. Hapo hapana neno. Kinachoniumiza kichwa ni sehemu ya 10, penye visanduku vitatu.

Cha kwanza ni tenanti wa pamoja. Hakuna nusu yako wala nusu ya Swaleh. Mnaimiliki yote kama mtu mmoja. Mmoja akifa, nyumba inabaki kwa aliye hai. Haiingii mirathini, wasia hauigusi, wanawe hawapati hata tofali. Na mkifa ajalini pamoja, isijulikane nani alitangulia, sheria yao ya 1925 inahesabu kwamba mkubwa ndiye aliyekufa kwanza. Swaleh amekuzidi miaka sita.

Cha pili ni hisa sawa, cha tatu ni hisa mtakazoandika wenyewe. Huko kila mtu ana fungu lake, na fungu hurithiwa. Wewe ndiye uliyetoa malipo makubwa ya mwanzo, basi tia alama cha tatu, muandike kiasi. Wewe una haya pasipotakiwa, tangu utotoni.

Usidhani nahofia Swaleh akudhulumu. Nahofia wewe ubaki hai, na watoto wake waje mlangoni. Kiwanja cha Likoni mimi na ami yako tuliandikishwa vivyo hivyo, karani akatwambia ndiyo kawaida ya ndugu. Ami yako alipofariki nilipeleka cheti cha kifo tu, hati ikabaki na jina langu. Mkewe alikuja mara tatu. Nilimwambia sheria ndivyo ilivyo, na ilikuwa kweli. Sheria ya Kenya ya 2012 imewaachia umiliki wa namna ile mume na mke tu, wengine mpaka mahakama iruhusu. Sisi yetu yalikuwa yashapita.

Kama mmeshatia saini, bado ipo njia: mwandikie mwenzako ilani kwamba umiliki wa pamoja unauvunja, kisha masjala ya ardhi iarifiwe. Lakini hayo hufanywa nyote mkiwa hai. Wakili mmemlipa, muulizeni hadi achoke. Kisanduku cha kwanza, hapana.

Mamako ameshawaambia majirani wote kwamba mwanawe ananunua nyumba Leicester, nami nikiulizwa naongeza. Presha yake imeshuka, ila chumvi hataki kuiacha. Paa la jikoni bado linavuja. Zile fedha ulizotuma za mabati nimempa mpimaji, kiwanja cha Likoni kikatwe viwili kabla ya Ramadhani. Mamako anadhani fundi ndiye anayechelewa. Nitamwambia mwenyewe.

Babako